Hela ya mfadhili siyo hela ya VC

Imetokea tena. Kateuliwa VC mpya, yaani makamu mkuu wa chuo, wiki haijaisha picha imeshazunguka magrupu yote ya wahitimu, kashika hundi ya mfano upande mmoja na mfadhili kashika upande wa pili, na chini yake maoni ni yale yale: "huyu ndo kiongozi, kaja na bilioni", "sasa tunataka hosteli zipigwe rangi", na yule asiyekosekana, "subirini muone zitakavyopigwa". Mimi kazi yangu ndo hiyo, niko ofisi inayoshughulika na wafadhili kwenye chuo kimoja hapa Dar, naandika maandiko ya miradi, nasukuma mikataba, naandaa ripoti, na swali la "VC kaja na bilioni, mbona hosteli hazipigwi rangi" nimelijibu inbox mpaka basi. Leo naliandika lote hapa.

VC hajaja na hiyo hela. Hela ya mfadhili mkubwa inachukua muda mrefu, mhadhiri fulani kaandika andiko, limerudishwa, kaliandika upya, mfadhili katuma watu wake kukagua mifumo ya fedha, wanasheria wa pande mbili wamevutana kuhusu umiliki wa data, Baraza la Chuo limeridhia, ndo siku ya kusaini inafika na aliyeko kwenye kiti siku hiyo ndo anapigwa picha. Anaweza kuwa hata ofisi hajaizoea. Simnyimi haki yake, kiongozi ana uzito na wafadhili wanamsoma sana, wengine wakisikia uongozi unabadilika wanapunguza mwendo kabisa mpaka wajue huyu mpya anataka nini. Na kuna jambo ambalo mkiwa nje hamlioni: watia saini benki. Uongozi ukibadilika na saini za akaunti zinabadilishwa, barua zinaenda zinarudi, nyaraka zinathibitishwa, na wakati huo mtafiti yuko Bagamoyo na vijana wake wa kukusanya data wanaulizia posho. Kwa hiyo siku za mwanzo za VC mpya hela mara nyingi inatembea polepole kuliko kawaida.

Sasa tuje kwenye rangi ya hosteli, maana hapa ndo naumia. Watu wanaamini chuo kina kapu moja, hela ikiingia inamwagwa humo, bosi anachota. Jamani. Mkataba una kiambatisho cha bajeti, na kila mstari una jina na kiasi chake: wanafunzi wa uzamili, kemikali za maabara, nauli, semina, ukaguzi. Mara nyingi mradi una akaunti yake peke yake. Ukitaka kutoa hela kwenye nauli uipeleke kwenye kemikali, mikataba mingi inakuruhusu kiasi kidogo tu, ukizidisha hapo unaandika barua ya kuomba kibali cha kuhamisha fungu, na jibu linaweza kukufikia muhula umeisha. Hiyo ni ndani ya mradi huo huo! Ukiichukua ukapaka rangi hosteli umevunja mkataba, mfadhili anadai arudishiwe, na kwa chuo cha umma unasubiri hoja ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Halafu chuo kitairudisha kutoka wapi? Kwenye mapato yake ya ndani, yaani ada mnazowalipia wadogo zenu.

Kuna maabara moja naifahamu ilipewa mashine ya kuchambua sampuli, ya bei kubwa kweli. Mkataba ulilipia mashine, usafirishaji na mafunzo ya mafundi sanifu. Haukulipia stabilaiza, haukulipia AC ya kile chumba, haukulipia matengenezo baada ya mwaka wa kwanza. Ukiingia leo unaikuta bado ina nailoni ya kiwandani, stika ya mfadhili inang'aa mbele, na juu ya meza kuna daftari la matumizi limeandikwa kurasa chache za mwanzo, tarehe, jina, saini, kisha kurasa nyeupe. Stabilaiza iliombwa, jibu likaja kwamba miundombinu ni jukumu la mpokeaji, na bajeti ya mwaka ya mpokeaji ilikuwa imeshapita. Anayechungulia pale anasema "wameshakula hela". Hakuna aliyekula hata mia. Hela ilitumika yote, vizuri, na risiti zipo, kwenye vitu vilivyoandikwa kwenye kiambatisho.

Je, masharti ni mabaya? Nabadilika kila mwaka, sijifanyi nina jibu. Bila masharti nimeona hela ikienda kwenye dharura ya wiki hii, na dharura za chuo haziishi. Lakini pia sioni haki mtu aliyeko maelfu ya kilomita aamue kwamba sisi tunahitaji semina tatu na siyo stabilaiza moja. Kuna watoaji wanaotoa hela huru, MacKenzie Scott mwaka 2020 aliipa Howard University ya kule Marekani dola milioni 40 bila kuwapangia wazitumieje, na kila tukikutana watu wa kada yetu tunaitamani hela ya namna hiyo. Ila tukiwa wakweli, ikija kesho kitivo gani kianze? Nani anaamua? Hatujawahi kukaa tukalijibu hilo kabla hela haijaja, na likijibiwa hela ikiwa mezani patachimbika.

Jingine, siyo kila hela inayotangazwa ni msaada. HEET, ule mradi wa elimu ya juu wa 2021 wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, ni mkopo wenye masharti nafuu, serikali imekopa na italipwa na walipa kodi wa nchi hii. Majengo yake ni mazuri, nayafurahia, lakini ukiandika "wazungu wametupa" unakosea. Kinyume chake maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani iliyofunguliwa Novemba 2018 ni msaada wa China, wanakaa watu 2,100 kwa wakati mmoja. Sasa fikiria jengo kama lile, umeme, lifti, usafi, vitabu vipya, usajili wa majarida. Utepe unakatwa siku moja, bili zinakuja kila mwezi, na mfadhili anayependa kulipia bili mimi bado namtafuta.

Na ile hundi ya mfano. Kiasi kilichoandikwa pale kwa kawaida ni cha miaka yote ya mradi, kinakuja kwa awamu, na awamu ya pili haitoki mpaka ripoti ya awamu ya kwanza ipokelewe. Wengine hata mkataba hawajasaini, wametoa ahadi tu jukwaani. Mmeshakaa kamati za harusi, mnajua kadi za ahadi zilivyo na mnajua siku ya kufunga hesabu kinachopatikana. Ningekuwa na uwezo ningezuia picha zote mpaka awamu ya kwanza isome kwenye akaunti, lakini mfadhili naye anataka picha, na akiinyimwa hachangii tena, hapo sina ujanja.

Mfuko wa wakfu ndo unaoleta matusi kabisa. Mtu anasikia chuo kina wakfu wa bilioni 1, anauliza mbona wanafunzi wanakosa ada. Hela ya wakfu mtaji wake hauguswi, unatumia faida. Kanuni ya vitabuni ni asilimia 4 hadi 5 kwa mwaka, kwa hiyo bilioni 1 inakupa milioni 50 hivi, na ada ikiwa milioni moja na nusu hao ni wanafunzi 33. Kanuni hiyo ilitungwa na watu wenye masoko ya hisa ya kwao, sisi tuna hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali inakulipa riba na mwisho inakurudishia mtaji, ile ya miaka 25 iliwahi kuuzwa mwaka 2021 kwa riba ya 15.95%. Sasa utumie yote milioni 159 na ushee kwa mwaka? Ukitumia yote, baada ya miaka 25 unarudishiwa bilioni ile ile wakati bei za vitu zimeshapanda kiasi gani. Ukitumia 5% tu, kuna mtoto anarudi Mbagala leo kwa kukosa ada huku hela imelala. Nimesikiliza wahasibu wakibishana juu ya hili na kila upande una hoja, mimi naegemea kutumia kama nusu ya riba na nusu irudi kwenye mtaji, ila ni maoni yangu hayo.

Ovahedi nitapita haraka: ni asilimia inayobaki chuoni kulipia umeme, ulinzi, wahasibu. Siyo mgao wa wakubwa. Bila hiyo mradi unaishi kwa kunyonya ada.

Na mnaosema uhisani wa vyuo ni mambo ya wazungu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 25 Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani 1964. Watu wetu walitoa walichokuwa nacho, wakati ule ni jengo.

Kwa hiyo grupu lenu likitaka hosteli zipigwe rangi, inawezekana kabisa. Changeni, hata elfu kumi kumi kila mwezi, halafu andikeni barua kwa VC, nakala kwa mkuu wa idara ya fedha, mseme hela ni ya matengenezo ya hosteli na mtaje ni bloku zipi. Lipeni kwenye akaunti ya chuo kwa kumbukumbu namba ya malipo, siyo kwenye simu ya mtu. Ombeni risiti, na ombeni taarifa ya matumizi kila nusu mwaka. Mkiweza ongezeni sentensi moja kwenye barua kwamba kiasi kikibaki chuo kitumie kwa matengenezo mengine kitakavyoona, hiyo sentensi itatuokoa miezi ya barua.