Chupa kuukuu za Lubumbashi: soma mdomo kabla ya kuosha

Mvua ikishachimba mifereji katika udongo mwekundu wa Lubumbashi, chupa kuukuu hutokeza kingoni mwake. Nyingine hupatikana watu wakichimba misingi ya nyumba. Wengi hukimbilia maji na sabuni. Nakuomba ungoje: ipige picha ikiwa palepale, pima kina chake, andika vilivyolala kando yake, ndipo uiinue.

Anza na mdomo. Fuata kwa ukucha ule mstari wa kalibu, yaani chombo cha kuumbia kioo, unaopanda ubavuni. Ukikoma shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Ukipanda hadi kuvuka mdomo, chupa ni ya mashine, aina iliyoenea baada ya uvumbuzi wa Michael Owens huko Marekani mwaka 1903. Kovu la duara lenye kingo za kuparuza kitakoni huonyesha mashine yake hasa. Mstari usipoonekana kabisa, usiseme haraka kwamba chupa ilipulizwa bila kalibu: chupa nyingi za divai zilizungushwa ndani ya kalibu mpaka mstari ukafutika, zikabaki na vijimistari vyembamba vya mlalo.

Maandishi husaidia zaidi. "Congo Belge", yaani Kongo ya Wabelgiji, ni kabla ya Juni 1960. "Elisabethville", jina la zamani la Lubumbashi, ni kabla ya 1966, mji ulipobadilishwa jina. "Zaïre", nchi ilipoitwa hivyo, ni kati ya 1971 na 1997. Acha nafasi ya miaka michache, maana kiwanda hakitupi kalibu nzima siku jina linapobadilika. Tena, mwaka wa kutengenezwa si mwaka wa kutupwa. Chupa ya bia ilirudi kiwandani mara nyingi, halafu nyumbani ikatiwa mafuta ya mawese, petroli ya taa au lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Tazama mabegani na karibu na kitako: ukanda mweupe uliochakaa ni alama ya kusuguana na chupa nyingine ndani ya kasha.

Sasa ioshe. Maji yawe ya uvuguvugu, kwa sababu maji moto hupasua kioo chenye ufa usioonekana. Ndani weka mchele mbichi, sabuni na maji hadi theluthi, utikise taratibu; changarawe hukwaruza. Ukoko mweupe wa chokaa uloweke kwenye siki siku nzima. Madoa ya kutu, mengi katika udongo wetu, yatibu kwa maji ya ndimu. Utando unaometa rangi za upinde wa mvua uache. Huo si uchafu: maji ya ardhini yamefyonza chumvi za kioo chenyewe, na ukiusugua, kioo kinabanduka.

Ukiokota tofali kuukuu badala ya chupa, lina kanuni nyingine. Kwanza ligonge: lililochomwa vizuri hulia kwa sauti kali, bichi hutoa sauti ya kufa. Tofali bichi la udongo wa kichuguu ukiliweka majini linageuka tope, basi hilo lipige brashi kavu tu. Lililochomwa liloweke, ubadilishe maji kila siku kwa wiki moja, ulikaushe kivulini. Chumvi ikibaki ndani, itajitokeza na kumenya uso pamoja na herufi zilizopigwa juu yake. Ukiokota tofali zito la rangi ya krimu, lenye upande mmoja uliojaa takataka za madini zilizoyeyuka, huenda ni tofali la tanuru la kuyeyushia madini. Takataka hizo usizibandue, ndizo zinazoeleza kazi yake.

Kaskazini-magharibi mwa kiwanda cha kuyeyushia shaba, mahali pepo zilipopeleka moshi tangu 1911, udongo una risasi, kadimiamu na aseniki. Chimba ukiwa umevaa glovu, lowesha vumbi kabla ya kupiga brashi, usile hapo, wala usichukue watoto.

Misalaba midogo ya shaba, vyungu vizima au mifupa, usiviguse. Katanga, eneo ulipo mji huu, ina makaburi ya kale ambamo misalaba hiyo iliwekwa pamoja na marehemu, na mali ya utamaduni inalindwa na sheria ya 1971. Funika kwa udongo uleule, weka alama pembeni, uwaarifu Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi.