Breki za nyuma: diski kubwa si dawa

Kila gari la kuungwa linaloingia gereji hapa Tanga, liwe pikapu iliyokatwa au Suzuki iliyovalishwa bodi jipya la kubebea watalii Pangani, mwenyewe anadai lile lile: "Fundi, nifungie diski nyuma, lisimame papo hapo." Wiki hii nimelisikia tena na limenichosha. Gari linasimamishwa na tairi, na tairi inashika kulingana na uzito unaoikandamiza.

Chukua gari la kilo 1,000: mbele 550, nyuma 450. Kutoka ekseli hadi ekseli mita 2.4, na kitovu cha uzito kiko sentimita 60 juu ya barabara. Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye lami kavu, kilo kama 200 zinahamia mbele. Nyuma zinabaki 250, robo tu ya gari. Ukiipa nyuma zaidi ya robo ya nguvu ya breki, tairi za nyuma zinafunga kwanza, yaani zinaacha kuzunguka huku gari bado linakwenda, na tairi iliyofunga haishiki upande: mkia unataka kutangulia. Zikifunga za mbele, usukani unakufa lakini gari linaendelea kunyooka. Kati ya mabaya hayo mawili, mimi nachagua la pili kila siku.

Watu hawaniamini kwa sababu wamejaribu breki zao kwenye vumbi. Vumbi linadanganya! Tairi zinashika kidogo, gari linapunguza mwendo taratibu, na uzito unaohama ni kilo 75 hivi. Nyuma bado zimebaki 375. Kwa hiyo nyuma uliyoipa asilimia 30 inatulia kabisa, mbele ndizo zinazofunga, na mwenye gari anaondoka ameridhika. Siku akiwa kwenye lami ya Segera, mtoto akakatiza barabara, asilimia 30 ile ile imeshapita robo, na gari linageuka. Hakuna kilichoharibika, breki ni zile zile. Jaribuni kwenye lami kavu, gari tupu, eneo lililo wazi, mkianza na mwendo mdogo, na mtu asimame mbali aangalie tairi zipi zinafunga kwanza.

Kabla ya kununua diski, angalia wheel silinda, ile silinda ndogo ndani ya dramu inayosukuma viatu vya breki. Ukitoa ya milimita 22 ukaweka ya 19, nguvu ya nyuma inapungua kwa robo, kwa bei ndogo sana. Baada ya hapo ndipo ufunge vali ya kurekebisha presha, kwenye paipu ya nyuma peke yake. Anza ukiwa umeibana, uifungue kidogo kidogo. Na ile vali ya zamani iliyokuja na chesisi itoe; vali mbili kwenye laini moja ni kutafuta shida.

Dramu nzuri inatosha magari mengi, na hendibreki yake inashika vizuri. Diski nyuma naikubali kwa gari linaloshinda kwenye maji na mchanga, kwa sababu dramu hujaa uchafu, au linaloshuka sana Lushoto kwenda Mombo, ambako dramu hupata moto mpaka breki zinalegea. Lakini ukifunga diski, masta silinda ya dramu, ile pampu inayosukumwa na pedali, haifai: kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, inataka mafuta mengi zaidi, pedali itazama, na vali ya kubakiza presha iliyomo ndani itaziacha pedi zikisugua. Hakikisha pia kalipa ina sehemu ya hendibreki. Mafuta ya breki yabadilishwe mapema, maana yanafyonza unyevu na hewa yetu ya pwani inao tele.

Ninapositasita ni kwenye mzigo. Gari nililolipima tupu, likibeba watu sita nyuma, breki za nyuma zinakuwa dhaifu kuliko zinavyoweza kuwa. Vali inayofuata mzigo ingesaidia, ila ukishabadilisha springi na urefu wa gari, fimbo yake, inayopima gari limezama kiasi gani juu ya ekseli, inasoma mzigo ambao haupo, na siiamini mpaka niipime upya. Kwa hiyo naweka vali kwa gari tupu, kisha namwambia mwenyewe kwamba akiwa na abiria aache nafasi kubwa zaidi mbele yake.