Skripti ya anwani ya IP: maana yake na inavyofanya kazi

Adapta ya mtandao, iwe ya waya au ya Wi-Fi, haifanyi lolote la maana mpaka ipate anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao. Kwa kawaida ruta huigawia anwani hiyo kwa utaratibu wa DHCP, na mwenye kompyuta hata hajui. Usumbufu huanza laptopu inapohamahama: huku inatakiwa iwe na anwani ya kudumu, kule ipokee yoyote itakayopewa. Kufungua dirisha baada ya dirisha na kuandika tarakimu zilezile asubuhi na jioni kunachosha, na aliyechoka hukosea.

Skripti ya IP ni faili la maandishi lenye amri za kubadilisha mipangilio hiyo. Unaliandika mara moja, kisha kila ukilihitaji unaliendesha tu. Kwenye Windows amri inayotumika sana ni netsh, iliyokuja na Windows 2000. Unaiandika kwenye faili lenye kiishio cha .bat, hivi:

netsh interface ipv4 set address name="Ethernet" static 192.168.1.50 255.255.255.0 192.168.1.1

"Ethernet" ni jina la adapta. 192.168.1.50 ndiyo anwani yenyewe. 255.255.255.0 ni maski: inasema sehemu tatu za mwanzo ni za mtandao, ya nne ni ya kompyuta. Ya mwisho ni lango, yaani ruta ya kutokea nje. Ukikosea lango, printa iliyo kwenye mtandao huohuo itachapa vizuri tu, ila intaneti hupati.

Jina la adapta ndilo linaloangusha skripti nyingi. Windows za zamani ziliiita "Local Area Connection", na jina lenye nafasi bila alama za kunukuu halieleweki. Usikisie; andika netsh interface show interface uone majina yote. Na uendeshe faili kama msimamizi, la sivyo amri itakataliwa.

Kurudi kwenye DHCP ni mstari mfupi:

netsh interface ipv4 set address name="Ethernet" source=dhcp

Hapo ndipo wengi tunaponaswa. Mstari huo unarudisha anwani peke yake. Kama DNS nayo (seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP) uliiweka kwa mkono, inabaki ileile ya zamani. Unapata anwani safi, ping 8.8.8.8 (amri ya kujaribu kama kompyuta ya mbali inafikika) inajibu, lakini tovuti hazifunguki kwa majina. Nimewahi kuizima na kuiwasha ruta mara tatu, kumbe haina kosa. Dawa ni mstari wa pili:

netsh interface ipv4 set dnsservers name="Ethernet" source=dhcp

Kama unaifikia kompyuta kwa mbali kupitia adapta hiyohiyo, tahadhari: anwani ikibadilika, unakatika papo hapo. Ukiwa umekosea tarakimu, itabidi uinuke uende ilipo.

PowerShell, programu nyingine ya amri ya Windows, nayo ina New-NetIPAddress, ila hiyo huongeza anwani, haiondoi iliyokuwepo. Kwenye Linux kazi hufanywa na amri ya ip:

ip addr add 192.168.1.50/24 dev eth0

Hapo /24 ni ile maski ya 255.255.255.0 kwa ufupi, na eth0 ni jina la adapta. Amri hii haihifadhiwi. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa, anwani imetoweka. Kwa anayejaribujaribu, hiyo ni nafuu kubwa.