Kidingapopo: kwa nini dengue ya pili si ile ya kwanza

Niliugua dengue Dar es Salaam mwaka 2014. Si nimeshapata kinga?

Umepata, ila ya aina moja. Virusi vya dengue viko aina nne. Mlipuko wa 2014 ulikuwa wa aina ya 2. Wa 2019, hapohapo Dar, ulikuwa na aina ya 1. Tena kingamwili za ugonjwa wa kwanza zaweza kukishika kirusi cha aina nyingine bila kukiua, na hapo kikaingia kwenye seli kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana mara ya pili huogopwa.

Na mabadiliko ya vinasaba yanaingiaje hapo?

Vinasaba vya dengue, yaani maelekezo ya kukijenga kirusi, ni uzi wa kemikali iitwayo RNA wenye herufi kama 10,700. Kirusi kinapozaliana, uzi huo hunakiliwa na kimeng'enya kisichorudi nyuma kuhakiki kazi yake, kwa hiyo herufi hukosewa kila mara. Makosa mengi hayana athari au hukiua kirusi chenyewe. Machache hukinufaisha, na vizazi vyake huwa ukoo mpya ndani ya aina ileile.

Ukoo tu unaweza kubadili ukali wa ugonjwa?

Tazama mji wa Iquitos, Peru. Mwaka 1995 aina ya 2 iliwaingia watu waliokwishaugua aina ya 1. Dengue kali ilitarajiwa, haikuja: ulikuwa ukoo wa zamani wa Amerika. Mwishoni mwa 2010 ukaingia ukoo mwingine wa aina hiyohiyo ya 2. Safari hii wagonjwa mahututi walikuwa wengi, na wapo waliokufa. Kwa hiyo damu inayopelekwa maabara kusomwa vinasaba si ya kupotezewa. Kipimo cha vinasaba pia kinaweza kukosa kirusi, kama herufi zimebadilika pale kipimo kinapolenga.

Nyumbani nifanye nini?

Mbu wa Aedes, ndiye anayeeneza dengue, huuma mchana na hutaga juu kidogo ya maji, ukutani mwa ndoo au pipa. Mayai yale meusi hukaa miezi makavu yakisubiri maji, basi kumwaga hakutoshi: sugua ukuta kwa brashi, kisha funika.

Ukipata homa, tumia parasetamo, usiguse aspirini wala ibuprofeni. Homa ikishuka huku tumbo linauma sana, unatapika mfululizo au fizi zinatoka damu, kimbilia hospitali, na umwambie daktari kwamba 2014 uliwahi kuugua.