Uwezo wa kuvuta si sifa ya injini

Uwezo wa kuvuta ni uzito mkubwa kabisa wa tela, pamoja na vyote vilivyomo, ambao mtengenezaji ameruhusu gari lake liuvute. Maana ni hiyo tu. Tatizo huanza pale mwenye pikapu anapoichukua namba hiyo kama sifa ya injini, akajigamba kwamba gari lake linavuta tani tatu na nusu, kisha akalipakia watu watano, friji, madumu ya maji na hema la juu ya paa, akafunga tela la kambi nyuma yake na kushika njia ya Iringa.

Injini ndiyo yenye neno dogo kuliko zote katika shauri hili. Pikapu ya dizeli yenye turbo huweza kulinasua lori kwenye matope, na wenye nazo hawachoki kuutoa ushahidi huo, lakini kunasua ni kazi ya mita chache kwa mwendo wa mguu. Kuvuta ni kuupanda mlima Kitonga bila rejeta kuchemka, kuushuka bila breki kuungua, na kulizuia tela lisijichagulie njia. Ndiyo maana Toyota Hilux ya milango minne, ambayo huko Australia imeidhinishwa kuvuta kilo 3,500, inaruhusiwa kilo 750 tu ikiwa tela halina breki zake lenyewe. Injini ni ileile. Anayechomelewa tela na fundi wa mtaani aanze kuuliza hapo.

Kinachosahaulika zaidi ni kwamba namba hiyo haisimami peke yake, kwa sababu juu yake kuna kikomo cha uzito wa gari na tela vikiwa pamoja. Ford Ranger ya lita 3.2 ya kizazi kilichotangulia, kwa mfano, iliuzwa Australia ikiwa na kikomo cha pamoja cha kilo 6,000. Ukiivutisha kilo zote 3,500 zilizotangazwa, gari lenyewe linabakiwa na kilo 2,500, na likiwa tupu tayari lina takriban 2,200. Kilo 300 zinazosalia ni watu wazima wanne, bila hata begi la nguo. Hakuna aliyedanganya, tangazo limetaja namba moja kati ya mbili, na msomaji akajazia ya pili kwa matumaini.

Halafu kuna uzito unaokandamiza tufe la chuma ambalo tela hushikana nalo. Kwa matela ya kambi, kipimo kinachofuatwa sana ni karibu asilimia 10 ya uzito wa tela, na uzito huo unahesabiwa kama mzigo wa gari, sawa na magunia yaliyo kwenye bodi. Tela la kilo 1,500 litakandamiza kwa kilo 150. Kwa kuwa tufe liko nyuma ya ekseli, tuseme mita 1.2, na Hilux ina mita 3.085 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ekseli ya nyuma itabeba kama kilo 208, huku magurudumu ya mbele yakipunguziwa kilo 58. Usukani unakuwa mwepesi, na usiku taa zinawamulika usoni wanaokuja. Wapo wanaoliona hilo wakahamishia mizigo nyuma ya tela ili pua yake iwe nyepesi, na hao wanajitafutia balaa kubwa zaidi, maana tela lenye mkia mzito huanza kuyumba mwendo unapoongezeka, na kuyumba huko kukishakolea dereva ana machache ya kufanya zaidi ya kuachia mafuta taratibu na kushika usukani ukiwa umenyooka.

Pikapu nyepesi, basi, inaweza kuvuta tela la kambi kwa usalama, na nyingi zinavuta kila siku. Ila muuzaji asiulizwe inavuta tani ngapi, kwa kuwa jibu la swali hilo limeshabandikwa kwenye kioo. Aulizwe hivi: tukiwa ndani watano, tangi limejaa na mizigo iko kwenye bodi, itakuwa imebakiwa na kilo ngapi za tela?