Picha ya Kolomenskoye: soma majengo kwanza, saini baadaye

Maswali kuhusu picha za kuchora za mandhari kutoka Urusi yameongezeka, na mengi yanahusu sehemu moja: Kolomenskoye, makazi ya kale ya watawala wa Urusi kwenye ukingo wa juu wa Mto Moskva, kusini mwa jiji la Moscow. Wanaouliza ni wanafunzi wanaojiandaa kurudi nyumbani, na familia zilizorithi picha kwa wazee waliosoma huko tangu miaka ya 1960. Wanataka kujua mambo mawili: je, ni ya zamani, na inauzwa bei gani? La bei hatulijibu, si kwa simu, si kwa WhatsApp, wala kwa aliyetumwa na mkubwa. La umri, nusu yake unaweza kulijibu mwenyewe.

Msitu na kijito havina tarehe, na wanaoghushi wanalijua hilo. Mwaka 2004 picha moja iliondolewa mnadani London dakika za mwisho. Ilikuwa imetangazwa kuwa ya Ivan Shishkin, mchoraji mashuhuri wa mandhari wa Urusi, kumbe mwaka mmoja kabla iliuzwa Stockholm kama kazi ya mchoraji Mholanzi Marinus Koekkoek. Mchungaji na kondoo walikuwa wamefutwa, na saini ya Kirusi ikaongezwa. Kolomenskoye si rahisi kuichezea hivyo, kwa sababu karibu kila jengo lake lina mwaka wake.

Anza na Kanisa la Kupaa kwa Bwana, jeupe, lenye paa refu la pembe nyingi linalochongoka hadi kimo cha mita 62 hivi. Lilikamilika mwaka 1532, kwa hiyo kuwepo kwake kwenye picha hakuthibitishi chochote isipokuwa mahali. Yanayosema ni majirani zake. Kanisa la Mama wa Mungu wa Kazan, lenye kuba za buluu na nyota za dhahabu, ni la katikati ya karne ya 17. Kasri la mbao la Tsar Alexei Mikhailovich, lile lenye mapaa ya kila umbo, lilianza kujengwa mwaka 1667 na likabomolewa kwa amri ya Catherine wa Pili mwaka 1768. Mchoraji wa mwaka 1880 hakuliona kwa macho; alinakili michoro ya chapa ya karne ya 18 au alibuni. Hilo si kosa, ila anayekuuzia akisema limechorwa palepale, anakudanganya.

Mtego mkubwa zaidi ni majengo ya magogo. Nyumba ya Peter Mkuu ilijengwa Arkhangelsk mwaka 1702 na kuhamishiwa Kolomenskoye mwaka 1934. Mnara wa lango wa monasteri ya Nikolo-Korelsky nao uliletwa kutoka kaskazini katika miaka ya 1930, eneo likiwa tayari makumbusho. Picha yenye mnara huo na tarehe ya 1891 pembeni haihitaji maabara. Kasri la mbao unaloliona leo ni la mwaka 2010, kiunzi chake ni cha zege, na halikujengwa pale lilipokuwa la awali.

Baada ya majengo, geuza picha. Watu wengi hutuma picha ya mbele tu, tena yenye mwanga wa taa, kisha wanalalamika kwamba tumechelewa kujibu. Tunahitaji nyuma: turubai (kitambaa kilichochorewa), mbao za kunyooshea, misumari, mihuri, karatasi zilizobandikwa. Pini za stepla ni dalili kwamba turubai imefungwa, au imefungwa upya, katika nyakati za karibuni. Fremu ya zamani si ushahidi. Fremu hubadilishwa kama shati.

Saini itazame kwa lenzi. Rangi ya saini ikiwa imeingia ndani ya nyufa za picha, iliandikwa baada ya picha kupasuka, na nyufa hizo huchukua miaka mingi. Kisha zima taa za chumba umulike kwa taa ya kukagulia noti. Vanishi ya zamani ya utomvu hung'aa kijanikijani. Marekebisho yaliyofanywa juu yake huonekana kama madoa meusi. Turubai ikitoa mwanga mkali wa buluu, ina kemikali ya kung'arisha vitambaa, na kemikali hiyo ni ya nusu ya pili ya karne ya 20. Rangi nyeupe ya titani wachoraji waliipata baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ila kuitambua ni kazi ya maabara.

Sasa suala la kuitoa Urusi. Risiti ya duka si kibali. Sheria Na. 4804-1 ya tarehe 15 Aprili 1993, pamoja na marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2018, inatazama umri wa picha na si bei uliyolipa. Picha iliyozidi miaka 50 hupelekwa kwanza kwa mtaalamu aliyeidhinishwa na Wizara ya Utamaduni ya Urusi. Nenda na picha yenyewe, pasipoti, picha za kamera za mbele na nyuma, na vipimo kwa sentimita. Gharama ni yako. Akiihesabu kuwa mali ya utamaduni, unaomba kibali wizarani. Iliyozidi miaka 100 na kuonekana ina umuhimu wa pekee haitolewi kwa kudumu, hata kama ni urithi wa babu. Kwa picha mpya, beba risiti yenye jina la mchoraji na mwaka, na ikiwezekana maoni ya maandishi ya mtaalamu, maana bila hayo afisa hana cha kushika isipokuwa neno lako.

Uwanja wa ndege pita njia nyekundu, ya wenye vitu vya kutangaza, jaza tamko la forodha nakala mbili, na ubaki na moja yenye muhuri. Kuificha katikati ya nguo si ujanja. Mali ya utamaduni yenye thamani inayozidi rubo 100,000 ikikamatwa inaangukia kifungu cha 226.1 cha Kanuni ya Jinai ya Urusi: kifungo cha miaka 3 hadi 7, na picha inabaki huko. Ofisi ya forodha ikikupa maelekezo tofauti na haya, fuata ya ofisi.

Turubai changa ikibidi iviringishwe, rangi iwe upande wa nje, kwenye bomba pana. Turubai kuukuu haiviringishwi. Mafundi wa Urusi huimarisha turubai kwa gundi ya samaki, na gundi hiyo hupenda unyevu, kwa hiyo ikifika Dar es Salaam, Mombasa au Unguja isitundikwe kwenye ukuta wa nje. Acha nafasi ya sentimita 2 au 3 nyuma yake hewa ipite. Na tafadhali msiisafishe kwa kuisugua kwa mkate, kitunguu wala kiazi.