Mauaji ya Vichanga: Sheria Inasema Nini, na Jirani Ana Wajibu Gani

Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia, Novemba 25 hadi Desemba 10, hutukutanisha sisi maafisa ustawi wa jamii na wananchi wengi. Tunaulizwa kuhusu vipigo, matunzo na mirathi. Swali linalorudi kwa ukali kuliko yote ni hili: binti aliyemtupa mtoto wake chooni, mbona hakushtakiwa kwa mauaji? Makala haya ni elimu ya jumla na hayagusi shauri lolote lililoko mahakamani.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, ina kifungu cha 199. Mwanamke akisababisha kifo cha mtoto wake aliye chini ya miezi 12, kwa kutenda au kwa kuacha kutenda, na wakati huo akili yake ilikuwa imeyumba kwa kuwa hajapona athari za kujifungua au za kunyonyesha, kosa lake si mauaji ya kukusudia bali ni kuua kichanga. Huadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia, na ukomo wa adhabu hiyo ni kifungo cha maisha. Anayesema sheria inawachekea wanawake hajaisoma. Kuyumba huko kwa akili nako hakuchukuliwi hivi hivi, mahakama hupima ushahidi, ukiwemo wa daktari.

Nafuu hiyo ni ya mama peke yake. Bibi aliyeshika tochi, shangazi aliyeleta mfuko, kijana aliyempa ujauzito na kumwambia "itoe au potea", hawa hawana kifungu cha 199. Wakishiriki kuua, linalowakabili ni shtaka la mauaji, ambalo adhabu yake ni kifo. Kuficha mwili ili uzazi usijulikane ni kosa jingine linalojitegemea, hata kama mtoto alizaliwa amekufa. Tena tuache kusema "hakulia, kwa hiyo hakuwa mtu". Kifungu cha 204 kinamhesabu kuwa mtu mara anapotoka mzima mzima tumboni mwa mama akiwa hai, awe amevuta pumzi au la, kitovu kiwe kimekatwa au la.

Mpangilio huu tuliurithi kutoka Uingereza, na historia yake ina funzo. Mwaka 1624 Bunge la huko lilitunga sheria kwamba mwanamke asiyeolewa akificha kifo cha kichanga wake, ahesabiwe muuaji mpaka athibitishe kuwa mtoto alizaliwa mfu. Baada ya muda mabaraza ya wazee wa mahakama yakawa yanakataa kuwatia hatiani wasichana wa kazi za ndani waliosimama kizimbani. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1803, na kosa la kuficha uzazi likapewa kifungo kisichozidi miaka 2. Mwaka 1922 kuua kichanga kukatengwa na mauaji, na mwaka 1938 umri ukasogezwa hadi miezi 12. Ukali wa kitanzi haukuwa umemaliza tatizo.

Wapo wanaodhani jambo hili limeletwa na utandawazi. Si kweli, na hapa naomba tuwe wakweli. Pwani yetu mtoto aliyetanguliza meno ya juu aliitwa kigego, akahesabiwa mkosi, na wapo waliouawa kwa sababu hiyo. Katika bonde la Omo, Ethiopia, Wakara na majirani zao Wahamar walikuwa na imani inayofanana sana, wakiiita mingi, na mtoto wa nje ya ndoa aliingizwa humo humo. Calabar, Nigeria, ambako mmisionari Mary Slessor alifika mwaka 1876, pacha waliuawa na mama yao akafukuzwa kijijini. Waarabu kabla ya Uislamu walizika mabinti wakiwa hai, na Surat At-Takwir inamtaja binti huyo akiulizwa Siku ya Kiyama aliuawa kwa kosa gani. Surat Al-Israa inakataza kuua watoto kwa kuhofia umaskini.

Katika nyingi ya jamii hizo, kuua kulikuwa uamuzi wa wengi: wazee waliamua, wakunga wakatekeleza, mama akanyamazishwa. Ndiyo maana wazee wa Kara walipotangaza mwaka 2012 kuiacha mila hiyo, tangazo lao lilikuwa na nguvu ambayo amri ya polisi isingekuwa nayo. Siku hizi kwetu binti hujifungulia chooni usiku akiwa peke yake, nasi asubuhi tunasema ni ukatili wake. Lakini hofu ya kufukuzwa nyumbani, kuachishwa kazi na kukataliwa mimba haikuanzia kwake.

Wataalamu wa magonjwa ya akili hutofautisha mambo mawili. Kichaa cha uzazi humpata takriban mama 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo: halali, anasikia sauti, anasema mtoto si wake au ana pepo. Huyo ni mgonjwa wa dharura, apelekwe hospitali leo, asiachwe peke yake na mtoto. La pili ni mauaji ya saa 24 za kwanza, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na mimba iliyofichwa. Mimba hiyo huwa imeonwa na mwajiri, mwalimu, mama mwenye nyumba. Wanatuambia "tulihisi", na hilo linaumiza sana kulisikia wakati mwili uko mochwari.

Ukimkuta kichanga yu hai, mfute, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike, usivute kitovu, usimwogeshe, usimpe maji. Mkimbize zahanati. Kisha toa taarifa kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, au Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, itashughulikiwa, lakini tiba ya mtoto aliye hatarini haisubiri karatasi. Afisa ustawi wa jamii atafungua jalada, atatafuta ndugu na kupanga malezi ya muda. Mtoto aliyeokotwa si wa aliyemwokota. Kuasili ni kwa amri ya mahakama, na kukaa naye kimya ndani hata kwa nia njema kunakuweka matatani. Ukimkuta amekufa, usimsogeze, usimpige picha.

Kupanga mabinti wa bweni au wa mtaa mstari na kuwakamua matiti kumtafuta mzazi ni udhalilishaji, na anayefanya hivyo anaweza kushtakiwa. Uchunguzi ni wa polisi na mhudumu wa afya. Huyo mama anayetafutwa huenda anavuja damu, na kondo bado liko tumboni.

Mwenye mimba asiyoweza kuilea aje kwa afisa ustawi wa jamii kabla ya kujifungua au baada yake. Kumkabidhi mtoto kwetu si kumtelekeza. Simu ya huduma kwa mtoto, 116, ni bure. Na kwa wazazi wa wanafunzi: Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unamruhusu msichana aliyejifungua kurejea shuleni. Mkuu wa shule akikataa, nendeni kwa afisa elimu wa wilaya.